Ua la Boga

Nilikununua kwa dalali mmoja wa Mererani
mwaka ule ardhi ilipomgomea.
Bei ya kutupa. Hakunitazama machoni.
Alipapasa boneti kama mtu anayeaga ng'ombe,
akanipa ufunguo mmoja.
Wa pili, alisema, ulipotea.

Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi, Uru.
Miaka kumi na tisa nimepima kahawa ya watu
bila kukosea kilo.
Nikakuingiza Moshi usiku,
milango minne, silinda sita, turbo mbili,
na kwenye kipilefti cha YMCA
vijana wa bodaboda walisimama.
Ndeshi, mke wangu, hakusimama.
Alisema akiwa kitini: ukipenda boga,
upende na ua lake.

Ua lilichanua Jumanne,
la manjano, kwenye dashibodi,
umbo la kijinjini kisicho na aibu.

Fundi Kisamo wa Pasua alichomeka kompyuta,
akasoma, akanyamaza,
akajifuta mikono ambayo haikuwa michafu.
Koili sita. Moja ikifa, zilizobaki ni wagonjwa.
Pampu ya maji, nayo ya plastiki.
Oili lita saba, na si hii ya kwenye galoni, bwana mhasibu;
yako inatoka Nairobi,
inavuka Holili na karatasi nyingi kuliko mimi.
Diski za breki za mbele.
Na za nyuma? nikauliza.
Akasema, usiharakishe.

Tangu hapo nahesabu kwa kahawa.
Tairi moja, gunia moja.
Shokapu moja, la kushoto tu:
msimu mzima wa mzee Ndelilio,
aliyekuja ofisini kwa miguu kusaini malipo yake,
akakuona umeegeshwa kivulini, akaniuliza,
mwanangu, hili linakula nini?
Petroli, nikamjibu.
Ndio uongo wangu wa kwanza ndani ya ofisi ile.

Ndeshi ana daftari.
Mbele kaandika ada ya Nambua, dawa za mama, bati za jiko.
Nyuma, kwa kalamu nyekundu, wewe.
Kurasa zinaendeana, mbele na nyuma.
Katikati zimebaki nne.

Masika, shimo la Kiborloni likakuvunja ringi.
Wiki tano ulilala chini ya turubai, umeinama upande
kama mtu aliyezidiwa na mbege,
tukisubiri kifurushi kutoka Dubai.
Kuku wa Ndeshi akaingia uvunguni akataga.
Mayai manne.
Nimeyaandika: mapato.

Nitakuuza. Nimeshasema mara tatu.

Jumamosi alikuja kijana wa Sakina, viatu vyeupe,
anataka kukusikia kwanza.
Nikampeleka barabara ya Boma Ng'ombe, alfajiri,
malori bado yamelala,
na ua, sijui kwa nini, lilikuwa limezimika.
Nikakanyaga.

Ulivuta pumzi moja ndefu
na kiti kikanisukuma mgongoni
kama mkono wa baba siku ya kwanza ya shule:
nenda.
Mahindi yakawa mstari. Nguzo za umeme zikawa uzio.
Sikuwa mhasibu, sikuwa na daftari,
nilikuwa na miaka ishirini na mbili
na sidaiwi na mtu.
Kijana alicheka kwa sauti, peke yake, kama mtoto anayetekenywa.

Tulipogeuza akauliza bei.
Nilikusudia kutaja ile ya kutupa.
Ulimi ukaongeza sifuri.
Akanyamaza hadi Kwa Sadala,
na pale Kwa Sadala ua likachanua tena, njano, katikati yetu.
Akalitazama. Akanitazama.
Hilo? nikasema. Hilo ni ua tu.

Nyumbani Ndeshi alikuwa mlangoni,
kalamu nyekundu nyuma ya sikio.
Hakuuliza kama nimeuza.
Alitazama tairi la mbele, la kulia,
akalamba kidole, akafungua daftari.